Kefa Halinga, Mtu wa Nyimbo za Sinema

Ndugu yetu Kefa Boazi Halinga alikuja duniani tarehe 14 Mei 1921 kijijini Iyula, Mbozi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Boazi Halinga na Mama Roda. Mama yake husimulia kwamba hata kabla hajajua kutembea, kila aliposikia ngoma ya mbali aligeuza kichwa, akaacha kunyonya mpaka ngoma inyamaze.

Alisoma shule ya misheni Mbozi kuanzia mwaka 1930 hadi 1936. Siku moja mwalimu alimkuta kanisani, kinanda kikiwa wazi na vipande vyake vimepangwa sakafuni.

“Kefa, umekivunja?”

“Sijakivunja, mwalimu. Nilitaka kuona sauti inakaa wapi.”

Alichapwa fimbo nne, kisha akaambiwa akirudishe kama kilivyokuwa. Alikirudisha, na wazee wa kanisa wanakiri kwamba tangu siku ile kililia vizuri zaidi.

Mwaka 1941 aliingia jeshi la Keya, la Waingereza, akafika hadi Burma. Huko kambini ndiko alikoona sinema kwa mara ya kwanza, na ndiko alikofundishwa kuendesha mashine yake. Alirudi mwaka 1946, na mwaka 1948 akaajiriwa katika gari la sinema la serikali lililotoka Mbeya. Kazi yake ilikuwa kuwasha mashine na kuwafafanulia watu kwa Kinyiha na Kinamwanga. Gari lilileta picha za kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuogesha watoto, na mwishoni moja ya kufurahisha. Kefa aligundua jambo lililomsumbua miaka yote: watu walisahau picha, wakabaki na wimbo wa mwanzo. Akawa anawauliza, na majibu anayaandika katika daftari. Mchimba dhahabu mmoja wa Mkwajuni, aliyeomba apigiwe wimbo wa picha ya miaka miwili nyuma, alimjibu, “Unanikumbusha siku nilipokuwa na viatu.” Mama mmoja wa Mbangala alisema unamkumbusha nyumbani. Kefa alipomwambia kwamba amezaliwa hapo hapo Mbangala, alijibu, “Najua. Lakini ndivyo unavyonifanya.”

Jioni ya tarehe 16 Agosti 1951 gari lilikuwa Msangano. Giza lilipoingia, spika ikaanza wimbo wa filamu ya wapanda farasi, ambayo ilikuwa haijawahi kuonyeshwa upande huu wa mpaka wa Rhodesia. Kefa akamsikia msichana aliyeketi mbele anaufuata wimbo huku midomo imefumbwa, tena akiutangulia. Picha ilipokwisha alimwendea.

“Dada, wimbo huu umeujulia wapi?”

“Ni wimbo wa kaka yangu.”

“Si wa kaka yako. Ni wa sinema.”

“Basi sinema imeuchukua kwake.”

Msichana huyo alikuwa Yunisi Nambeye. Kaka yake, Osea Simbeye, maana katika ukoo wao mwanamume huitwa Simbeye na mwanamke Nambeye, alikwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba Rhodesia. Mwaka 1946 alirudi likizo akipiga mluzi wa wimbo ule kutwa nzima, akaondoka tena, na baada ya mwaka mmoja barua zikakoma. Sasa ukoo ulikuwa umeamua kumwekea matanga mwezi wa Oktoba, kama mtu aliyefia ugenini.

Kefa akamwomba Yunisi auimbe tena. Akagundua kwamba mwishoni aliongeza kipande kidogo cha kupanda na kushuka, ambacho hakimo katika filamu. Yunisi akasema hivyo ndivyo Osea alivyoumalizia. Kefa akalitazama kopo la mkanda. Lilikuwa na karatasi ya ukumbi wa wafanyakazi wa Mufulira, kwenye migodi ile ya shaba, ulikoazimwa.

Mama yao, Anastazia, aliposikia alimwambia Kefa, “Mwanangu, usinitie tumaini la bure. Nimeshalia.”

“Mama, siahidi kitu,” Kefa alijibu. “Nataka kujua tu.”

Mwezi wa Septemba alichukua likizo, akavuka mpakani Tunduma, akadandia malori ya mizigo kwa siku tano. Mufulira aliuliza jina la Osea Simbeye nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyelijua. Jumamosi, watu walipoanza kuingia ukumbini kutazama sinema, alibaki nje. Alisema baadaye kwamba alitaka kusikia watu wanaoimba, maana wa kutazama ni wengi. Ukutani alikuwa ameketi mtu mwenye fimbo, macho yake yamefumbwa. Wimbo wa ndani ulipokwisha, yule mtu akaumalizia kwa mluzi, akapanda na kushuka.

“Osea Simbeye?” Kefa akaita.

Mtu yule aligeukia sauti. “Hapa naitwa Mluzi. Nani huyo anayeniita kwa jina la nyumbani?”

Kefa alimweleza habari za matanga.

“Waache wayaweke,” Osea alisema. “Ugonjwa umeninyang'anya macho. Barua siwezi kuandika, kazi sina. Nirudi na nini?”

“Mama yako hakuniagiza mizigo. Aliniagiza nikuulize kama unakula.”

Osea alilia hapo ukutani, sinema ikiendelea ndani. Tarehe 4 Oktoba 1951 walifika Msangano. Mama Anastazia alimpapasa mwanawe uso wote, kisha akaenda kusonga ugali.

Kefa alifunga ndoa na Yunisi tarehe 13 Desemba 1952. Osea ndiye aliyepokea barua ya posa. Mungu aliwajalia watoto watatu, nao wakapanda kahawa hapa Iyula.

Novemba 1957, akirudi na gari kutoka Kamsamba, alilowa mvua siku nzima, na kifua kikaanza kumbana. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena. Ijumaa tarehe 7 Machi 1958 alimwuliza mkewe, “Ndege yule anayelia nyuma ya jiko, analia mara tatu halafu anakata, ni ndege gani?”

Yunisi akasema hamjui.

“Basi uliza watu, utaniambia.”

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Machi, alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Ameacha wazazi wake wote wawili, mjane, Yunisi, watoto Lusubilo, Danford na Loisi, mama mkwe, Anastazia, dada zake, Ferista na Marta, na shemeji yake, Osea, aliye pamoja nasi hapa kaburini. Mjane anaomba yeyote amjuaye ndege huyo amwambie leo, kabla udongo haujarudishwa.

Bwana aliyempa masikio yale ampokee na kumpumzisha.