Yowe la Migombani

Benchi la Kezia muuza kahawa liko njia panda ya Lusahunga, malori ya Rusumo yanapopunguza mwendo. Kila alasiri wenyeji hukaa hapo na kuamua mambo ya dunia ambayo hayajawaomba uamuzi. Siku hiyo Ndikuriyo, mziba pancha waliyemwita Gundi, kahawa ilimpoea mkononi. Alikuwa ametoka hospitali alikolazwa binti yake Iteka, viungo vimevimba, figo zinasumbua. Daktari alisema kinga ya Iteka inampiga mwenyewe. Gundi alitaka tu mtu amweleze mpaka aelewe.

– Kwanza kinga inamjuaje mgeni? aliuliza.

– Kwa harufu, alisema Desderius, muuza dawa za mifugo. Kirusi kinanuka, bwana!

– Wapi! Kwa uzito, alidakia Malongo, aliyekuwa utingo wa malori miaka ishirini. Kikizidi kipimo, mwili unakishusha.

Modestus, mwalimu mstaafu wa biolojia, alitikisa kichwa.

– Kirusi ni maelekezo ya urithi tu ndani ya ganda. DNA, au RNA. Na herufi zake ni zilezile za kwetu. Huwezi kukijua kwa sura.

– Sasa inakijuaje? Gundi aliuliza.

– Kwa mahali. DNA yetu inakaa kwenye kiini cha seli, chumba cha ndani. Nje ya chumba kuna walinzi, protini ndogondogo. Wakikuta DNA inarandaranda huko, wanapiga yowe. RNA nayo wanaikagua ncha: ya kwetu imevaa kofia, ya kirusi mara nyingi iko kichwa wazi.

– Kumbe kama huku kwetu, Malongo alisema. Mgeni mwema anapita mbele, anabisha hodi. Anayetokea migombani nyuma ya nyumba, yowe!

– Hasa, mwalimu alisema. Na seli jirani zikisikia, zinafunga milango.

Desderius alianza kucheka.

– Malongo, si wewe uliyepigiwa yowe kwako?

– Nilikuwa natafuta mbuzi wangu usiku! Kwenye migomba yangu! Majirani wakaja na fimbo, wakanitandika kweli.

Benchi zima likacheka. Gundi hakucheka.

– Mwalimu, ndiyo ya Iteka hiyo?

– Huenda. Seli zikifa vibaya, DNA ya Iteka mwenyewe inabaki nje. Walinzi wanaikuta si mahali pake, wanaiita mgeni.

Maneno hayo yalimwingia Gundi mpaka ndani. Alizaliwa hapa, ila baba yake alivuka kutoka Burundi, na mpaka leo kuna watu humuuliza kwao wapi. Hakuwahi kudhani swali hilo laweza kuulizwa ndani ya damu ya mwanawe.

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Ngara huku akiwasikiliza alisogea.

– Shikamooni. Samahani, mzee, hao majirani waliacha lini kukupiga?

– Marahaba. Mke wangu alipotoka, Malongo alisema. Alinijua kwa sauti, akawaambia huyu ni wa hapa.

– Sasa ndani ya huyo binti, nani atawaambia walinzi?

Wote wakamtazama Modestus.

– Dawa za kutuliza yowe zipo, mwalimu alisema polepole. Ila wa kuwaambia... hapo sijui.

Gundi aliweka kikombe chini, kimejaa vilevile.

– Unakwenda wapi? Kezia aliuliza. Saa ya kuona wagonjwa bado.

– Nitasimama nje ya dirisha la wodi, alisema. Angalau asikie sauti yangu.