Nani, Lini, Kwa Nini: Safari ya Johnson Mulama

Baba kasisi, wazee wetu, majirani wa Jericho, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi mliosimama nje kwa sababu viti vya kanisa vimekwisha, nawasalimu nyote. Mimi ni Lydiah, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimepewa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu wenzangu wamelia mpaka sauti zimekauka, na yangu imebaki kidogo. Naomba mnivumilie, kwa maana wiki nzima ya kupika chai na kukaa kwenye kamati ya mazishi si mchezo, na nimechoka.

Kabla sijaanza, mlio na karatasi mliyopewa pale mlangoni, ikunjeni tafadhali, siyo hii ninayosoma. Tofauti yake ni jina moja la mtoto, ambalo kwenye yenu halipo na kwenye hii lipo, na juu ya jina hilo familia hii imevutana tangu asubuhi, wengine wakiniambia nisithubutu kuliacha, wengine wakiniambia kwamba nikilisoma nitaibomoa nyumba ya marehemu kabla jeneza halijafika Butere. Nitalifikia mahali pake.

Johnson Mulama alizaliwa tarehe 9 Februari 1936, kijijini kwetu karibu na Butere, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Andati, aliyekuwa kibarua wa reli, na marehemu mama yetu Rebeka. Alianza masomo mwaka 1944 katika shule ya misheni, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1953, akapita vizuri, lakini karo ilitushinda, akakaa nyumbani akilima mpaka Januari 1956, alipopanda gari-moshi kuja Nairobi na kufikia kwa baba yetu mdogo, Mzee Nyongesa, ambaye mnamwona hapa mbele.

Alianza kazi kama karani wa stoo, kisha mwaka 1964 akajifunza kutoboa kadi za kuingizia hesabu kwenye kompyuta, na tarehe 1 Machi 1972 akaajiriwa na kampuni moja ya Industrial Area iliyokuwa ikifanyia viwanda hesabu za mishahara kwa mashine, akawa mtunza programu na kanda zinazozihifadhi mpaka ugonjwa ulipomtoa. Programu, kwa sisi tusiojua, ni maagizo ambayo mashine hufuata, na maagizo hayo hayakai vilevile, kwa maana leo kodi imebadilika, kesho kiwanda kimeongeza ovataimu, malipo ya saa za ziada, na kila mara lazima mtu ayarekebishe.

Mwaka 1976, wiki moja kabla ya Pasaka, vijana wawili wa kuandika programu walichukua ile ya mishahara, kila mmoja na nakala yake, mmoja akarekebisha ovataimu, mwenzake akarekebisha makato, wala hawakuambizana. Yule wa pili aliporudisha yake, iliwekwa juu ya ile ya kwanza, na marekebisho ya ovataimu yakapotea kimya kimya. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha viatu, wengi wao wa mtaa wa Mukuru, walipokea bahasha zilizopungua, wakaja wenyewe kwa miguu kusimama langoni, na Johnson ndiye aliyetumwa nje kuwaeleza. Alirudi nyumbani, hakula, akamwambia mkewe kwamba mtu hawezi kumweleza mwenye njaa kuwa jasho lake limefutwa na nakala.

Baada ya hapo mkuu wa waandika programu, Bi. Waithera, ambaye nashukuru amefika, alitoa amri, na marehemu akapewa kazi ya kuilinda, yaani kazi ya kuchukiwa. Programu yenyewe ilifungiwa kwenye kabati la chuma, ikawa anayeitaka anapewa yeye peke yake, mwingine anangoja, na anapoirudisha anaandika nani amebadilisha, lini, na kwa nini, na ile ya zamani haitupwi, inawekwa nyuma, ili mpya ikiharibika watu wawe na pa kurudi. Kanda zenyewe waliziita babu, baba na mwana, mwana akiwa ndiye mpya kabisa. Vijana walimbandika jina Mzee Nani-Lini, wakalalamika kuwa mzee anatubania, wakamletea soda, wakamletea vitisho, na wengine wakaacha kumsalimu. Kwa miaka tisa alisimama kwenye kidirisha cha chumba cha kanda akisema hapana, na msifikiri ilimfurahisha, ilimchosha, alikuwa akifika nyumbani anakaa na viatu miguuni mpaka chai inapoa.

Katika ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na wifi yangu Asenath tarehe 18 Desemba 1965, kanisani Butere, wakahamia nyumba ile ile ya Ofafa Jericho ambamo tumetoka kuitoa maiti leo.

Na sasa watoto. Karatasi yenu inasema watatu. Watoto wa Johnson Mulama ni wanne: Lenah, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1961, hapa Nairobi, kwa mama mwingine, kabla ya ndoa, Naftaly, 1967, Khasandi, 1970, na Hudson, 1974. Baba mdogo, keti tafadhali, nimesikia, acha nimalize. Lenah alilelewa na nyanya yake mzaa mama kule Shauri Moyo, lakini kila Jumapili alikula chakula kwenye meza yetu, na kama kuna jirani wa Jericho asiyemjua, basi huyo jirani amehamia jana.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Mei 1985, kwanza presha, kisha figo, akaacha kazi mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Miaka hii miwili kila mmoja wetu alisema atakuja kumpeleka hospitali, na tulikuja tulivyoweza, lakini aliyekuwa akifunga kibanda chake cha mikoba ya ngozi pale Kariokor, akaja kumshika mkono, akangoja naye foleni, akamrudisha, alikuwa Lenah. Alikuwa naye pia Jumamosi iliyopita, tarehe 12 Septemba 1987, saa nne asubuhi, Mungu alipomchukua.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupa maji na masufuria, wafanyakazi wenzake mliochanga nauli, na hata ninyi vijana wa programu mliokuja, ingawa aliwabania. Naishukuru kamati, ijapokuwa ndiyo iliyonichosha.

Sasa nimalize habari ya hii karatasi, kwa maana marehemu asingekubali niiache wazi. Historia hii iliandikwa Jumanne na Asenath, kwa mkono wake, ikiwa na watoto wanne. Ikapelekwa kwenye kamati, yeye akiwa mochari, na asiyekuwepo na lake halipo, wazee wakalifuta jina la Lenah ili mjane asiaibike mbele ya ndugu zake, wala hakuna aliyemuuliza mjane mwenyewe kama anaona aibu. Ikapigwa chapa kwa stensili hivyo hivyo. Leo asubuhi aliletewa nakala, akaisoma amesimama, akawauliza wazee waliokuwa sebuleni maswali matatu, nani, lini, kwa nini, na sote tukamsikia Johnson.

Kwa hiyo naisoma kama ilivyoandikwa hapa pembeni, kwa kalamu ya mjane. Amelirudisha nani: Asenath, mke wa marehemu. Lini: Ijumaa, tarehe 18 Septemba 1987. Kwa nini: kwa sababu alinikabidhi watoto wanne.

Ile karatasi ya kamati hatutaichoma, Baba mdogo, tutaiweka nyuma ya hii, na jina lako halitatukanwa, ulitaka kutusitiri. Lakini gari la mbele, linalobeba jeneza, ni la mke na watoto, na nafasi ya mtoto wa nne ilikuwa imepewa mtu mwingine. Huyo mtu tafadhali apande gari lingine. Lenah, nakuona pale nyuma karibu na mlango, umesimama na mkoba wako kama mgeni. Njoo mbele, mama, ukae na wenzako, mama yako Asenath amekushikia kiti.

Na wewe ndugu yangu, hakuna tena anayengoja kidirishani. Vua viatu, Johnson, upumzike kwa amani.