Ndugu Melkizedek Chadibwa na Picha Thelathini na Moja za Wagiriki

Jumatano, tarehe 30 Juni 1976, saa tisa na nusu alasiri, Ndugu Melkizedek Chadibwa atafunga mlango wa Chumba cha Kusomea cha Kilosa kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Siku hiyo atatimiza miaka ishirini na tisa kamili ya utumishi. Kamati ya jarida letu la watumishi imeniomba mimi, Hildegarda Mkude, mpiga chapa, niandike wasifu wake, kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja tangu mwaka 1966 na, kama walivyosema wenyewe, "wewe ndiye unayejua habari za zile picha." Ninazijua. Katika baadhi ya habari hizo mikono yangu imo, kama mtakavyoona.

Ndugu Melkizedek alizaliwa Mamboya mwaka 1921. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, na hapo hapo misheni alifundishwa kujalidi vitabu: kushona kurasa, kupika gundi ya unga wa ngano, kukata majalada. Mwaka 1947 aliajiriwa kuwa tarishi. Alipeleka barua kwa baiskeli Kimamba na Rudewa, na ilijulikana kwamba barua za Melkizedek hufika, ila hufika baada ya yeye kusoma gazeti lililofungiwa mzigo. Baada ya Uhuru, chumba cha kusomea kilipofunguliwa mwaka 1962 na kutafutwa mtu wa kukitunza, hapakuwa na ubishi. Walimkabidhi funguo na makabati mawili.

Alikuwa mkali kwa upole. Mkubwa mmoja wa ofisi, jina tunalihifadhi, alikuja kuazima kitabu cha pili kabla ya kurudisha cha kwanza. Ndugu Melkizedek alimkaribisha kiti, akammiminia chai, akamwuliza hali ya watoto mmoja mmoja kwa majina, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kitabu hakumpa. Yule bwana alifika nyumbani ndipo akagundua amerudi mikono mitupu.

Lakini habari yenyewe inaanzia mwaka 1968. Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la mkonge karibu na Kimamba alikwisha kuondoka nchini, na nyumba yake ikawa inageuzwa kuwa ofisi ya kijiji. Ndugu Melkizedek alitumwa kwa trekta akachukue viti sita vya chumba cha kusomea. Alirudi na viti vinne, na juu yake sanduku la bati.

Mkuu wetu wa wakati ule alitoka nje akashika kiuno. "Ndugu Melkizedek, nimekutuma viti sita."

"Ndiyo, mzee. Viwili vilikuwa vimeliwa na mchwa. Hili nalo walikuwa wanataka kuwashia moto, nikaona lipande trekta."

Ndani mlikuwa na picha thelathini na moja, kila moja kubwa kama ukurasa wa gazeti uliofunguliwa, zote nyeusi juu ya karatasi iliyokuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hazikupigwa kwa kamera wala hazikupakwa rangi. Ndugu Melkizedek alikaa nazo wiki nzima akizipapasa kwa vidole. Aligundua kwamba pembeni mwa kila picha karatasi imebonyea pande zote nne, kama sahani ya madini ilikandamizwa juu yake. Akaazima kioo cha kukuzia kule posta. Akaniita.

"Hildegarda, njoo uone shavu la huyu mama."

Nikaangalia. Shavu lililoonekana laini kwa mbali lilikuwa mistari mitupu, myembamba kuliko unywele, mamia kwa mamia, iliyopishana kama uzi wa kitambaa. Hapakuwa na kivuli hata kimoja ambacho hakikuwa mistari. Mtu alikuwa amekaa akaichora yote kwa sindano kwenye bamba la shaba, kisha akapaka wino na kuikandamiza. Chini ya picha moja palikuwa na tarakimu za kirumi. Nyingine tulizijua kutoka kwenye saa, nyingine alifundishwa misheni, tukajumlisha: mwaka 1742.

"Mtu huyu," alisema, "aliketi kitako miezi mingi kumchora mwanamke mwenye nyoka kichwani. Kwa nini?"

Maneno yaliyochapwa chini yalikuwa Kilatini. Basi akazitundika ukutani zote, akaweka daftari chini yake, na kila aliyeingia aliulizwa: unaona nini? Daftari lile linachekesha mpaka leo. Kuna picha ya mtu anayesukuma jiwe kubwa mlimani. Fundi wa reli alisema huyo ni mtu wa gengi la vibarua, na kilima kile anakijua, kipo njia ya Mikumi. Mzee aliyekata mkonge miaka ishirini akamkatalia: "Huyo ni manamba. Tazama uso wake. Akimaliza mstari anapewa mwingine." Kijana mwenye mabawa anayeanguka kutoka angani, wengi walisema ni malaika aliyefukuzwa. Mtu mwenye kichwa cha fahali, wafugaji walimcheka sana.

Mwezi Oktoba mwaka 1971 wilaya ilikuwa inajiandaa kwa miaka kumi ya Uhuru. Kamati ndogo ya maandalizi ilipita kukagua vyumba vyote vya umma, ikiongozwa na Ndugu Filipo Masingisa, kijana wa miaka thelathini na kitu, hodari, mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliingia, akasema shikamoo kama ilivyompasa, akaitikiwa marahaba. Kisha akainua macho ukutani.

"Mzee, watu hawa wako uchi."

"Si wote," alisema Ndugu Melkizedek. "Nimehesabu. Kumi na tisa."

"Wageni watakuja hapa na wake zao. Nikirudi keshokutwa nisiwaone uchi."

Hapo ndipo kazi iliponiangukia mimi. Ndugu Melkizedek alipika gundi yake nyepesi, ile ambayo maji kidogo tu huibandua bila kuumiza karatasi, na mimi nikakata shuka kutoka kwenye bahasha za kaki. Tuliwavika wote kumi na tisa. Mwanamume mmoja mwenye rungu na misuli mingi ilibidi nimkatie mara mbili. Ndugu Filipo aliporudi alitembea ukuta mzima taratibu, na nakumbuka alivyojikaza asicheke. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sawa, wamevaa. Sasa niambie, hawa ni akina nani?"

"Sijui," alisema Ndugu Melkizedek.

"Hujui? Miaka mitatu umewatundika kwenye chumba cha serikali, na hujui kama ni miungu ya watu, au mashetani, au mabwana waliotutawala? Kitu usichokijua unakitunzia nini?"

"Ndiyo maana nakitunza. Kikishachomwa hakuna atakayekijua."

Ndugu Filipo alitoa kalamu moja. Aliandika kwamba Jumamosi ya tarehe 30 Oktoba patakuwa na mkutano humu humu chumbani, na mtunzaji ataeleza picha moja moja mbele ya watu. Itakayokosa maelezo itachomwa. Ndugu Melkizedek alisaini chini yake.

Zilibaki wiki mbili na siku kadhaa. Ijumaa ya wiki ile ile alifunga picha zote katikati ya mbao mbili, akapanda treni ya kwenda Mikumi. Alikuwa amesikia kwamba kando ya barabara ya Iringa kuna mama wa Kigiriki, mjane, anayepikia madereva wa malori, aliyekataa kuondoka ndugu zake walipoondoka. Jina lake Mama Eleni. Alikuwa amepita miaka sabini, na Kiswahili chake kilikuwa cha madereva wa malori, yaani kimenyooka na hakina aibu.

Ndugu Melkizedek alimsalimu shikamoo, akaweka mbao mezani, akazifungua. Mama yule alifuta mikono kwenye aproni yake, akainama. Ndugu Melkizedek anasimulia kwamba mama alizitazama moja moja mpaka mchuzi ukaungua jikoni. Kisha akaweka kidole juu ya picha ya mama mwenye mienge miwili mikononi.

"Habari za huyu alinisimulia nyanya yangu tukichambua dengu," alisema. "Kaa chini, baba. Nani kawavika hawa makaratasi?"

Alikwenda Mikumi mara mbili, Jumamosi na Jumapili za wiki mbili mfululizo, na kila mara alirudi na daftari limejaa. Kilatini Mama Eleni hakukijua, lakini majina aliyatambua, na hadithi alikuwa nazo kichwani. Picha ishirini na nane alizieleza. Tatu zilikuwa zimeliwa na mchwa sehemu ya chini, majina hayapo, na yeye mwenyewe hakuzitambua. Aliahidi kumwandikia kaka yake aliyerudi kwao, ila barua za kule zilichukua miezi.

Tarehe 30 Oktoba chumba kilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Ndugu Melkizedek alivaa koti lake la kanisani. Alianza na yule wa jiwe, Sisifo, mfalme mjanja aliyedanganya kifo, akahukumiwa kusukuma jiwe lisilofika juu milele. Mzee wa mkonge alipiga paja: "Si nilisema!" Akaeleza Ikaro, ambaye baba yake alimtengenezea mabawa ya nta akamwonya asilikaribie jua. Akaeleza Prometeo, aliyewaibia wanadamu moto kutoka kwa wakubwa wa mbinguni, akafungwa mnyororo jabalini, na tai akawa anakuja kila siku kumla ini.

"Akafunguliwa?" sauti iliuliza. Tuligeuka. Alikuwa ni Ndugu Filipo mwenyewe.

"Alifunguliwa. Baada ya miaka mingi sana."

Ndugu Filipo akaandika kitu, akainamisha kichwa.

Kisha ikaja zamu ya mama mwenye mienge. Ndugu Melkizedek alieleza kwamba jina lake ni Demetra, mwenye nafaka zote, na kwamba binti yake alinyakuliwa shambani na mfalme wa chini ya ardhi akaozwa huko. Mama alimtafuta usiku na mchana. Alipokosa msaada aliizuia ardhi isiote kitu, watu wakaanza kufa njaa, mpaka wakubwa wakakubali binti awe anarudi kwa mama miezi kadhaa kila mwaka. Akirudi, mashamba huchipua. Akiondoka, ardhi hukauka.

Bi Mwanakheri wa Kilangali, mkulima aliyejifunza kusoma mwaka uliotangulia, alisimama. Wengi tulijua kwamba alikwisha kuzika mabinti wawili.

"Wangu hawarudi," alisema. "Lakini huyu mama namjua. Aliyemchora naye alimjua. Msimchome."

Alikaa.

Zilibaki tatu. Ndugu Melkizedek alizishusha ukutani, akaziweka mezani mbele ya Ndugu Filipo. "Hizi sijui," alisema.

"Mzee," Ndugu Filipo alisema kwa sauti ndogo, "ungetunga chochote. Nani hapa angekukamata?"

"Hakuna. Ila wiki ijayo mtu atakuja kuniuliza kitabu kinasema nini kuhusu mbolea, au kuhusu ugonjwa wa mtoto. Atajuaje kama situngi?"

Niliamini pale pale kwamba Ndugu Filipo atazisamehe. Nafikiri naye alitaka. Lakini watu walikuwa wanatazama, karatasi ilikuwa imesainiwa, na yeye ndiye aliyeiandika. Zile tatu zilichomwa nyuma ya ofisi saa nane mchana. Ndugu Melkizedek alizibeba mwenyewe mpaka pale. Moja ilionyesha watu kwenye karamu, moja wanawake watatu na uzi. Ya tatu ilikuwa ya mwanamume anayetoka pangoni, amegeuza uso nyuma kumwangalia mwanamke ambaye anafifia kama moshi. Zilishika haraka sana.

Ishirini na nane zilibaki. Wageni wa sherehe walizitazama na kuzisifu, shuka zao zikiwa mahali pake. Ndugu Melkizedek aliliacha pengo la zile tatu ukutani wazi kwa miezi kadhaa.

Mwezi Aprili 1972, mvua za masika zikiwa zimekata barabara, Ndugu Filipo aliingia peke yake, viatu vimejaa matope. Alisalimu. Alizungukazunguka kati ya makabati. Mwishowe akasema, akitazama pembeni:

"Mzee, yule mtu aliyegeuka nyuma. Uliwahi kumjua?"

Barua ya kaka yake Mama Eleni ilikuwa imefika mwezi mmoja nyuma. Ndugu Melkizedek alivuta kiti. Akamweleza kwamba yule ni Orfeo, mwanamuziki, aliyefiwa na mkewe akamfuata mpaka kuzimu. Aliimba mpaka wafu wakalia, akaruhusiwa kumrudisha kwa sharti moja, asigeuke kumtazama mpaka wafike juani. Zilibaki hatua chache. Akageuka.

"Kwa nini aligeuka?"

"Barua haisemi. Wewe unaonaje?"

Ndugu Filipo alitazama pengo ukutani. Mimi nilikuwa kwenye mashine yangu ya chapa na nilikuwa nimeacha kupiga muda mrefu. "Nimekuwa nikimwota," alisema. "Na mimi ndiye niliyemchoma."

"Tulimchoma pamoja," alisema Ndugu Melkizedek. "Mimi nilisaini, na mimi nilimbeba."

Siku ile Ndugu Filipo aliandikishwa kuwa msomaji, kadi namba 214. Ndiye aliyewapata mafundi seremala wa kijiji wakatengeneza fremu ishirini na nane, na ndiye aliyependekeza picha zitembezwe kwenye madarasa ya watu wazima. Kati ya 1973 na 1975 zilifika Kidodi, Kilangali, Mikumi na mpaka Mamboya, kwa lori la miwa na kwa treni. Shuka tulizibandua kwa maji mwaka jana, na hakuna aliyelalamika. Zile picha mbili nyingine zilizochomwa hatujazijua mpaka leo.

Nafasi yake inachukuliwa na Ndugu Costancia Mnyangala. Wiki iliyopita mwanakijiji mmoja alimwonyesha picha akamwuliza mwanamke yule anageuka mti gani. Ndugu Costancia alipekua daftari, akakosa, akaona haya. "Sijui," alisema. "Lakini njoo Jumatatu, nitakuwa nimetafuta." Ndugu Melkizedek alikuwa kwenye kona akishona jalada. Aliweka sindano chini, akatabasamu kama sijawahi kumwona, akamkabidhi funguo siku tisa kabla ya tarehe.

Ndugu Melkizedek, watumishi wenzako tunakushukuru. Umeturudisha kwenye kuuliza tulipokwisha kuchoka kuuliza. Rudi Mamboya kwa amani, kwa mkeo, mama Magreti, na shamba lenu la maharage. Mungu akujalie afya, macho yasichoke kusoma, na kila jioni apite jirani mwenye swali usilolijua jibu lake.