Filimbi ya Mwalimu Mwahija

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitano ya ualimu, Mwalimu Mwahija Salmini, ambaye wazazi wa hapa Runzewe wanamwita Mama Safiya, anastaafu rasmi. Somo lake la historia ya dunia, kuanzia Zama za Kati hadi leo, analiacha kwa wengine. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Valerian wa Fizikia. Hapa wamechagua vibaya. Mimi na yeye ni washindani wa siku nyingi, na mara nyingi anayeshindwa ni mimi.

Mwalimu Mwahija ni mtoto wa Ngokolo, Shinyanga mjini, binti wa mfanyabiashara wa vitenge. Alianza kazi mjini huko, akahamishiwa kwetu shule ilipofungua kidato cha tano. Mwaka 2012 wilaya yetu ilipotolewa mkoa wa Shinyanga na kuwekwa mkoa mpya wa Geita, yeye alipata somo la bure. Aliingia darasani akatangaza kwamba amehama mkoa bila kubeba hata kikombe, kisha akafundisha jinsi mipaka ya Ulaya ilivyochorwa upya wakulima wakiwa shambani, hawana habari. Wanafunzi wa mwaka ule wanalisimulia somo hilo hadi leo.

Asidhani mtu kwamba alikuja na moto huo tangu mwanzo. Mwaka wake wa kwanza hapa alifundisha Mapinduzi ya Ufaransa kwa kusoma kitabu kwa sauti, Kiingereza cha mtihani mtupu, na darasa likasinzia. Ukafika Julai, mavuno yameisha, na Jumamosi moja nusu ya bweni ikatoroka kwenda kuangalia ngoma. Mwalimu akajifunga kanga kiunoni, akawafuata kuwarudisha.

Kwa wageni wetu wa leo: Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila chama upande wake. Jaji hakuna. Watazamaji hutembea kwenda wanakovutiwa, na upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Mwalimu alifika pale na hasira zake zote. Jioni ni wanafunzi waliomtafuta yeye ili warudi shuleni. Walimkuta mstari wa mbele kwa Bagalu, viatu mkononi, na kwa ushahidi wao alikuwa amekwisha kuhama upande mara kadhaa.

Jumatatu akaligawa darasa. Kundi moja likawa mabwana wa enzi za ukabaila, jingine watwana wao. Jumamosi nyingine Mapinduzi ya Ufaransa yakapambana na Mapinduzi ya Viwanda, kwenye uwanja wa mpira, kwa nyimbo, maigizo na hoja, na shule nzima ikiwa watazamaji. Yeye akaongeza sheria moja, nayo ni filimbi. Kundi likikosea tukio au mwaka, anapuliza na kuinua mkono, nao wanasimama kimya mpaka aushushe, huku wapinzani wao wakiendelea kuzoa watu. Nimeona vijana wakikesha na vitabu kwa kuogopa kimya kile. Filimbi yenyewe haikuishia shuleni. Mshereheshaji mmoja wa harusi mjini aliwahi kupuliziwa kwa kukosea mwaka wa uhuru wa Ghana, na akasimama kimya kama alivyotakiwa.

Miaka kumi iliyopita bodi ya shule ilitaka kuufunga mchepuo wa historia. Wanafunzi walikuwa wachache, dhahabu ilikuwa imeibuka karibu, na vijana waliacha masomo wakifuata maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Sostenes, mchimbaji wa zamani aliyekuwa na karasha yake ya kusaga mawe, aliuliza kikaoni swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Mama Safiya, hiyo Ulaya ya kale inamsaidia nini mtoto wa hapa?" Darasa la historia lilikuwa ligeuzwe maabara yangu ya pili, na kichwani nilikuwa nimeshapanga meza.

Mwalimu Mwahija hakubishana. "Tukutane uwanjani, Mzee wangu," alijibu. "Historia upande huu, sayansi upande ule. Wazazi wachague kwa miguu yao. Nikishindwa, ufunguo wa darasa nitamkabidhi Valerian mwenyewe."

Siku hiyo watu walikuja hata kutoka machimboni, vumbi la mawe bado nyweleni. Kundi langu lilileta injini ya mvuke tuliyoiunda kwa debe la mafuta ya kula, inazungusha gurudumu kwelikweli, na watu wakatujaa. Upande wa pili akasimama Raudha, msichana wa kidato cha sita, akaanza kuimba habari za Hispania: meli zinaleta dhahabu na fedha kutoka Amerika, bei ya mkate inapanda, wafalme wanakopa, hazina inafilisika. Wachimbaji wakatazamana. Rashi ya dhahabu ikitokea, watu wakamiminika, sahani ya ugali hapa Runzewe hupanda bei siku hiyohiyo, kwa hiyo hawakuhitaji mkalimani. Wakaanza kuhama. Mzee Sostenes akakinyanyua kiti chake cha mgeni rasmi, akakitia kichwani, akavuka uwanja.

Hapo filimbi ikalia. Raudha alikuwa amesema kwamba manowari za Hispania zilishindwa na Waingereza mwaka 1688. Ulikuwa 1588. Hakuna mzazi aliyejua, bodi haikujua, na mimi sikujua. Mwalimu Mwahija, ambaye darasa lake lote lilikuwa linategemea dakika zile, akainua mkono, na kundi lake likasimama kimya. Raudha machozi yalimlengalenga. Watu wakaanza kurudi kwenye injini, kwanza watoto, kisha kina mama. Nilishangaa kujikuta naomba aushushe ule mkono. Aliuacha juu muda uleule anaowapa wote.

Aliposhusha, Raudha alifuta uso, akausahihisha mwaka mbele ya umati, akaendelea pale alipoishia. Mzee Sostenes, ambaye hakuwa amebanduka kitini, akainuka. "Huyu mama kampulizia mtoto wake mwenyewe, tena anashinda," akasema. "Sisi kule maduarani mtu wa namna hii tunamtafuta hatumpati. Darasa lake asiliguse mtu!" Umati ukarudi wote kwa vigelegele. Injini yangu ikabaki inajizungusha, tunaitazama mimi na Amosi wa maabara.

Leo mchepuo wa historia ndio unaoongoza kwa wanafunzi shuleni hapa. Aliowafundisha wamo mahakamani, wamo hospitalini Kolandoto, na wengine wamo maduarani vilevile, ila hao hawapunjwi kirahisi. Raudha amerudi akiwa mwalimu, na ndiye anayelirithi darasa. Mimi nilipewa maabara baadaye, nyuma ya jiko, na kila alasiri inanukia maharage.

Baada ya chakula makundi mawili yatashuka uwanjani, kisha filimbi itakabidhiwa kwa Raudha. Nimeagizwa kuongoza upande wa sayansi. Nimechagua kiti chepesi, maana najua nitakibeba kichwani.

Mwalimu wetu, tumekupenda na tutakukosa sana. Asante kwa kila Jumamosi uliyotupa. Nyumba yako ya Ngokolo ikukute na afya, chai ya tangawizi na kelele za wajukuu, na maisha yaliyobaki yawe mema kuliko yaliyopita.

Na kama humu nimekosea mwaka wowote, filimbi bado ni yako mpaka jioni. Ipulize, uinue mkono. Tutasimama kimya sote, na safari hii hahami mtu.