Mayai ya Mama Pamba

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, katika nyumba iliyopakana na machinjio. Alisoma mtaani hapo hapo, akaenda sekondari ya wasichana, kisha chuo cha mifugo, akahitimu mwaka 1980.

Aliajiriwa kuwa mkaguzi wa kuku. Alipita mabandani na viatu vya mpira, akipangusa sakafu na viota kwa pamba ili maabara itafute salmonela, vijidudu ambavyo kuku huvibeba akionekana mzima kabisa. Wafugaji wakamwita Mama Pamba. Waliojifanya hawapo aliwasubiri getini, akipiga soga na mbwa wao, mpaka wakafungua.

Desemba 1984 aliolewa na fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Agosti 1996 wifi yake aliolewa, na marehemu akatoa mayai ya kuku wake. Yakaingia kwenye sosi iliyopigwa bila kupikwa. Kesho yake wageni walikuwa wanaharisha, na mama mkwe wake amelazwa, hali mbaya. Watu wakamlaumu muuza nyama aliyeleta nyama ya harusi. Duka lake likakaukiwa na wateja.

Kuku wake mwenyewe, marehemu hakuwa amewapima hata mara moja. “Wangu nawajua,” alizoea kusema. Sasa akawapima. Walikuwa na salmonela.

“Wanasema ni nyama,” mumewe alimwambia. “Nyamaza tu, mke wangu.”

“Mabanda ya watu nimefunga mangapi?”

Alikwenda dukani kwa muuza nyama, kisha kwenye mkutano wa wafugaji, akasema, “Ni mayai yangu. Sikupima.” Wengine walicheka. Kuku wake wote wakachinjwa, wakafukiwa kwa chokaa.

Tangu hapo, kwenye sherehe alijificha jikoni kuosha vyombo. Mama mkwe alipona, lakini marehemu hakuweza kumtazama usoni, hadi asubuhi moja mama huyo alipokuja bila taarifa, akavuta kiti.

“Mkwe, nikaangie yai.”

“Mimi, mama?”

“Kwani jiko hili la nani?”

Alilikaanga mpaka likawa gumu kama kandambili. Mama mkwe akalimaliza.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Alifariki hospitalini tarehe 2 Februari 2021. Siku za mwisho alimwambia binti yake mkubwa, “Ukiandika wasifu wangu, habari ya mayai usiifiche. Bado naiona aibu, lakini usiifiche.” Ndiyo maana imesomwa.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na wifi yake.

Mungu ampokee, apumzike bila aibu tena.