Perege wa Mama Tumsifu

Kijiwe cha Ng'ong'ona kilikuwa nje ya ukuta wa Mzee Batholomeo, mpima ardhi mstaafu, upande ambao vumbi la Dodoma lilipungua kidogo. Palikuwa na benchi la mbao na birika la kahawa juu ya mkaa. Kupitia geti lililo wazi lilionekana tangi la saruji ambamo mkewe Anastazia, Mama Tumsifu, alifuga perege wadogo. Aliwafuata bwawani Hombolo, akawatunza mpaka wakapata nguvu, kisha akawauzia wavuvi wa Mtera, wanaowatundika wakiwa hai kwenye ndoana ili kuwanasa kambare wakubwa. Tangu Anastazia azikwe, samaki walikuwa wakifa. Asubuhi hiyo Batholomeo aliwaopoa wengine kwa chujio la chai, akawafukia chini ya mpapai, akaja kukaa na wenzake bila kunawa mikono. Alitaka kitu kimoja tu: waliobaki wasife.

Ludovick, muuza dawa za mifugo, aliyeitwa Daktari na kijiwe kizima, ndiye aliyeanza.

— Minyoo hiyo, mzee. Nitakuletea dawa ya kuku.

— Ya kuku? Batholomeo aliuliza.

— Kuku, samaki, si wote wanataga?

— Daktari, utamuua na mwenye tangi! alidakia Zablon. Huyu aliwahi kuwaendesha wabunge, na mpaka leo haongei bila kusimama, wakamwita Bunge. — Tatizo ni treni ya umeme. Ikipita kule, ardhi inatetemeka. Wewe huisikii, samaki anaisikia. Hapati usingizi.

— Kwani samaki analala?

— Wewe ungelala kama huna kope?

— Kaa chini, Bunge.

— Sikai. Na kuna jambo jingine. Hawajaambiwa.

Batholomeo akageuka.

— Hawajaambiwa nini?

— Msiba. Babu yangu alipofariki kule Mlali, baba aliingia zizini alfajiri, akawaambia ng'ombe mmoja mmoja. Hawa, nani kawaambia? Wanamngoja mama. Ndiyo maana hawali.

— Ng'ombe ana masikio, Ludovick alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Batholomeo alitazama kikombe chake. Hoja hiyo ilimuuma kuliko zote, kwa hiyo akarudi kwenye mambo yanayopimika.

— Maji yalikuwa ya kijani, alisema. Anastazia aliyataka hivyo. Sasa yanang'aa. Nani aliyabadilisha?

— Sisi, mzee! Zablon alijibu kwa fahari. — Siku ya msiba, ulipokuwa ndani na ndugu. Wageni wa Kongwa wanaingia, tangi limeota ukungu. Tumwaibishe mama? Mimi na Daktari tukawahamishia samaki kwenye beseni, tukalisugua kwa sabuni ya unga, tukajaza maji ya bomba mpaka juu. Likawa jeupe, mzee, ungesema...

Akakatizwa. Ludovick alikuwa amemshika mkono.

— Sabuni, Ludovick alisema. Bunge, sabuni.

Zablon akakaa. Hakuna aliyewahi kumwona akikaa kwa hiari.

Batholomeo aliwatazama wale wawili. Ndio hao waliochimba kaburi la Anastazia.

— Mlimheshimu, alisema. Nawashukuru.

Kisha akaongeza:

— Nitafuata maji Hombolo. Waliobaki watapona.

— Tutayabeba sisi, alisema Zablon, akiwa bado amekaa.

Ndipo akafika mwanamke mwenye ndoo ya mfuniko, kanga ikiwa imekazwa mabegani.

— Shikamoo, baba. Pole na msiba. Mimi Ruthu, wa Mtera. Mama ndiye alikuwa ananipatia chambo.

— Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Chambo hakuna leo. Waliobaki wanaumwa, lakini tunakwenda kuwatafutia maji mazuri. Watapona.

Ruthu alichungulia getini, akasikitika.

— Mungu asaidie. Maana aliyelegea, kambare hamgusi. Anamtaka anayecheza.

Akaweka ndoo chini.

— Wakipona, baba, utaniuzia?

Daktari alitazama mkaa. Bunge hakuinuka. Anastazia asingefikiri, angecheka, akaagiza ndoo isogezwe karibu na tangi. Batholomeo siku zote hizi alikuwa amewaza mpaka kwenye kupona, hakufika kwenye ndoana.

Ruthu alidhani hakusikika.

— Baba?

Mzee aliinuka, akaiokota ndoo, akasimama nayo katikati ya benchi na geti.