Marehemu Fundi Namba na Mshipi Namba Nne

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mjomba wangu, kaka wa pekee wa mama yangu. Mama ameniomba nisome wasifu huu kwa sababu yeye sauti haimtoki. Ameniomba pia niufanye mfupi. Ombi la kwanza nimelikubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye bomba la maji, akiwa mtoto wa kwanza wa mshika bendera wa stesheni na fundi cherehani. Mama anasema alikuwa mtoto mkimya wa kupitiliza. Bibi alikuwa akimwita kutoka jikoni bila haja yoyote naye, ili tu aitike ajue yupo.

Alianza masomo mwaka 1964 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao, akamaliza mwaka 1970, kisha akajifunza useremala chuoni. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wake wa useremala alikuwa akisema kijana huyu ukimpa ubao anaupima kwa mkono, halafu anaupima kwa rula, halafu anaisahihisha rula.

Januari 1974 aliajiriwa katika duka la vifaa vya uvuvi, kwenye ile barabara inayoteremka mtoni, mlango unaofuata baada ya kinyozi. Tajiri wake alipostaafu mwaka 1985 akamwachia duka, na humo ndimo alimofanya kazi mpaka maradhi yalipomtoa. Naomba mnivumilie kidogo hapa, maana wengi wenu mlipita pale miaka nenda miaka rudi, mkaona fimbo dirishani mkadhani ni za kuangulia matunda.

Wavuvi wa mto wetu hawatumii chambo. Wanatumia ndoana iliyovishwa manyoya ili samaki adhani ni nzi. Ndoana hiyo haina uzito. Ukiitupa kama jiwe haifiki popote. Kinachoruka ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na mzito kwa kazi hiyo, na fimbo ndiyo inayourusha. Kwa hiyo kila fimbo ina namba yake na kila mshipi una namba yake, na hizo mbili zisipopatana hakuna uvuvi. Mshipi ukizidi uzito, fimbo inalegea na kuchoka. Ukiwa mwepesi mno, fimbo inabaki imekakamaa kama mti wa ufagio, na mshipi unarudi kujimwaga miguuni mwa mvuvi, watu wakimtazama.

Fimbo za zamani hufutika namba, na hapo ndipo watu walipomfuata mjomba hata kutoka mbali. Alikuwa anaubana mpini kwenye jiliwa mezani, anatundika kifuko kwenye ncha, kisha anatia misumari midogo mmoja mmoja mpaka fimbo iiname anavyotaka yeye. Halafu anakipima kile kifuko kwenye mizani na kukutajia namba. Lakini hakupi mshipi hapo hapo. Kwanza atakuuliza, “Wewe unatupa mbali au karibu?” Anayevua kwenye kijito chembamba alimwongezea namba moja, kwa kuwa mshipi wake mwingi hubaki kwenye gurudumu la kuukunjia na uzito unaotoka ni kidogo. Hakukosea. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, na wapo wavuvi hapa watakaonishuhudia. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Namba.

Harusini alikuwa kero. Atakaa nyuma na soda yake, awaangalie bwana na bibi harusi, kisha amnong'oneze mama, “Hawa fimbo namba tatu, mshipi namba nane. Tusubiri.” Mama anamfinya, na yeye anacheka kimya kimya mpaka mabega yanatikisika. Siku moja shangazi wa bibi harusi mmoja alimsikia, akamgeuzia kibao: “Na wewe fundi, namba yako ni ngapi?” Mjomba alitabasamu, akainuka, akasema anakwenda kutafuta soda nyingine, na ile aliyokuwa nayo ilikuwa bado imejaa.

Kamati ya mazishi ilinishauri kwamba penye ndoa niseme “hakujaliwa kuoa,” nipite. Sipiti.

Mjomba aliishi peke yake katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka. Kitanda kimoja, meza, kiti kimoja ambacho mgeni akija anapewa yeye na mwenyeji anakaa kitandani. Kila alipotoka aliacha redio inaongea. Nikiwa msichana nilimwambia anamaliza umeme bure, akanijibu, “Nikirudi nakuta kuna mtu.” Alisema kama anayetania. Nimeishi muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba hakuwa anatania, na inaniuma.

Mwaka 1989 aliingia dukani dada mmoja mpima ardhi, aliyekuwa amehamishiwa hapa kupima kingo za mto. Alileta fimbo ya marehemu baba yake, namba imefutika. Mjomba akaipima, ikawa namba sita. Pete zake za kupitishia mshipi zilikuwa zimelegea, hivyo akamwomba aiache itengenezwe, na wakati huo akawa anamfundisha kutupa kwa fimbo ya duka, kwenye uwanja ule wa nyuma penye kamba za kuanikia. Kila Jumamosi yule dada alikuja. Alikuwa na mkono mwepesi na kicheko cha karibu. Mjomba, ambaye kwa wiki nzima huenda asiseme maneno ya kujaza kijiko, alikutwa akisimulia habari za reli.

Kisha fimbo ikawa tayari, na sababu ya yule dada kuja ikawa imekwisha. Mjomba hakujua afanye nini. Kumwambia mtu “njoo tena, napenda ukija” hakukuwamo kinywani mwake. Akafanya kitu ambacho fundi wa kazi yake tu ndiye angeweza kukifikiria: kwenye fimbo namba sita akafunga mshipi namba nne. Alihesabu kwamba dada atakwenda mtoni, mshipi utaanguka miguuni, atakasirika, na Jumatatu atarudi kuja kumsema. Mjomba atacheka, atambadilishia, atachemsha chai. Alinunua kikombe cha pili na kiti cha pili.

Hakurudi. Wala Jumatatu ile, wala nyingine, na baada ya muda mjomba akasikia kazi ya vipimo imekwisha na wapimaji wamehama.

Ilipita miaka mpaka 2006, kijana mmoja alipoingia na fimbo anataka kuiuza. Mjomba aliupitisha mshipi katikati ya vidole, akakaa chini. Ulikuwa ule ule namba nne, bado kama mpya. Akauliza mwenye nayo yuko wapi.

“Ni ya dada yangu,” kijana akasema. “Alikwenda nayo mtoni mara mbili, akasema mkono wake si wa uvuvi. Ikabaki juu ya kabati.”

Mjomba hakuinunua. Aliomba aachiwe ile fimbo, akaifunga mshipi namba sita, akaomba aelekezwe nyumbani kwa yule dada, na siku ya pili akafunga duka siku ya kazi, jambo ambalo hata siku ya msiba wa babu hakulifanya mpaka saa za mchana. Alimkuta yule dada ni mama wa watu, ana mume mkarimu na watoto wawili warefu. Mume akamletea juisi. Yule dada akaichukua fimbo, akasimama uani, akatupa. Mshipi ulipita juu ya kamba ya nguo, ukapita ua, ukanyooka barabarani, watoto wakapiga makofi.

“Kumbe ilikuwa nini?” yule dada akauliza.

“Nilikosea namba,” mjomba akasema.

“Wewe? Wewe hukosei, fundi.”

“Siku ile nilikosea.”

Yule dada akawa anakunja mshipi taratibu. “Na mimi miaka yote najiona mkono mbovu. Nilitaka kurudi, unajua? Nilifika mpaka kwenye kona, naliona duka. Nikaona haya. Nikasema, mtu amenifundisha vizuri vile, nikamwambie nini, nimeshindwa? Nikageuka.”

“Kona ipi?” mjomba akauliza.

“Ile ya duka la viatu.”

Mjomba alimshukuru mume kwa juisi, akapanda basi, akarudi kwenye redio yake. Mwenyewe alinisimulia haya hospitalini, maneno kwa maneno, akiutazama ukuta. Mwishoni akasema, “Ningempa namba sita, angerudi kunionyesha samaki.”

Mwaka 2019 madaktari walikuta mapafu yake yameharibika kwa miaka ya kuvuta harufu ya vanishi na gundi, dirisha likiwa limefungwa ili vumbi lisishike kwenye fimbo. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena. Hakulalamika, ingawa aliwaambia wauguzi kwamba stendi ya dripu imepinda. Alifariki dunia hospitalini tarehe 14 Agosti 2023 alfajiri, kabla ya milango ya wageni kufunguliwa. Hakukuwa na mtu naye.

Marehemu ameacha dada mmoja, ambaye ni mama yangu. Shemeji mmoja, baba yangu, aliyekuwa akimshinda kwenye drafti na hakosi kulitaja hilo. Na wapwa wawili, mimi na mdogo wangu. Hakuacha mjane wala mtoto.

Juzi nilimpigia simu yule mama kumwomba ruhusa ya kuyasoma haya. Nilimweleza yote, kwamba mjomba hakukosea namba, alifanya kusudi ili arudi.

“Nilijua, mwanangu,” akasema. “Nilijua siku ile ile pale uani. Mtu aliyekosea tu huomba radhi. Yeye aliniuliza kona ipi.”

Nikamuuliza mbona hakumwambia. Akasema mume wake alikuwa amesimama pale na sinia la glasi, na watoto wanapiga makofi, angesema nini? Akasema angemwandikia, akasema kesho, akasema mwezi ujao.

“Wewe soma,” akaniambia. “Na pale kwenye waliobaki, kama pana nafasi, nitie.”

Nafasi ipo. Ameacha na mtu mmoja aliyejua.

Pumzika, mjomba, kwa amani. Wamekuja wengi kukusindikiza.